Uzito wa Atakayevaa

Kvishari, 2 Oktoba 2005

Mdogo wangu Lamzira,

Barua hii ikikukuta unapumua na miguu haikuumi, mimi nimeshafurahi. Sisi huku tupo. Mama anakohoa kidogo, lakini ulimi wake mzima kabisa: asubuhi hii amemtukana mbwa, akanitukana mimi, kisha akaomba chai. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Nyasi zote ziko ndani. Viazi tumechimba, ila mwaka huu ni vidogo mno, mtu anaona haya kuvimenya.

Gegi wako anakusalimu sana. Angekuandikia mwenyewe, lakini kazi zimemzidi, na unajua mumeo na kalamu hawajawahi kupatana. Siku hizi analala hapa kwangu, maana hakuna haja ya kuchoma kuni nyumba mbili.

Sasa shida yangu. Natafuta viatu vya theluji, na usicheke. Vile vya mti alivyotuachia Baba bado vipo, ila panya wametafuna ngozi za pea moja, na pea ya pili, yaani yangu, nimeishona mpaka sindano imechoka. Mzee Almaskan aliyekuwa akivitengeneza tulimzika Aprili. Mpwa wake alijaribu kupinda miti ya kwake, akatoa kitu kama ungo uliokaliwa na ng'ombe. Hata hivyo vya mti ni vizito, vikilowa vinavuta nyonga, na mimi nataka vyepesi. Huko kwenu Trento watu wanatembea kwenye theluji kwa kujifurahisha, nasikia, basi lazima madukani vimejaa. Tafuta vya bei ndogo. Si vya kuringia, ni vya kutembelea kipindi cha baridi, na vya dharura. Unajua mwenyewe, kuanzia Krismasi mpaka Machi gari linaishia Lalveri, na kutoka hapa mpaka Lalveri ni kilomita kumi za miguu.

Mpe Tsotne, dereva wa basi la kuja huku. Ila barua uifunge kwa gundi, yule bwana anasoma kila kitu kisha anakihubiri njia nzima.

Kaka yako,
Murza


Trento, 6 Novemba 2005

Kaka Murza,

Nimekusoma mara mbili na nimecheka peke yangu jikoni, hadi Bibi Ottilia ninayemtunza akauliza kama nimelewa. Mimi mzima. Bibi ametimiza miaka themanini na tisa, anapenda nimsomee gazeti ingawa hanielewi ninavyosoma. Mwambie Mama anywe maji ya moto na asali, na aache kubishana na mbwa. Huyo ndama mwiteni jina zuri, msimwite Nyekundu kama mama yake, hamna akili ya majina nyie.

Alhamisi ndiyo mchana wangu wa mapumziko, nikaenda kutafuta viatu vyako. Kwanza supamaketi. Wanavyo, vya plastiki, rahisi kupindukia. Nikavuta mkanda kidogo tu, ukaniitikia *tak*. Ule mpira baridi ikiukamata unakuwa mgumu kama biskuti. Nikaviacha. Nikaenda duka la mzee mmoja karibu na stesheni, huyo anauza vilivyotumika na vya msimu uliopita. Mtu wa maana. Akaniuliza, "Anayevaa ana kilo ngapi?"

"Kilo za nini? Nanunua viatu, sinunui nguruwe."

"Mama, hivi havichaguliwi kwa urefu wa mguu. Mguu unafungwa tu kwa mkanda. Vinachaguliwa kwa uzito. Mtu na mzigo wake, pamoja. Vidogo ni mpaka kilo sabini. Ukimpa mtu wa tisini, anazama kama hana kitu."

"Na vikubwa?"

"Vikubwa vinabeba mpaka mia na ishirini. Lakini mtu mwepesi au mchovu ukimpa hivyo, vinamchosha bure. Na kule kwenu ni milima au tambarare?"

Nikamwambia kule kwetu tambarare pekee ni meza. Akacheka, akanionyesha vyenye meno ya chuma chini, na kichuma kinachonyanyua kisigino mtu akipanda. Bizimu unaifunga hata ukiwa na glavu, hilo ndilo alilolisisitiza, kwamba kiatu cha dharura ni kile unachoweza kukivaa vidole vikiwa vimekufa ganzi. Bei yake naiweza. Akasema pea mbili kwa pamoja atanipunguzia.

Kwa hiyo niandikie: ni vya nani, na ana kilo ngapi? Ni vyako? Wewe ulikuwa tisini na moja, na sidhani kama umepungua, kwa ule mkate wa nyama wa Mama.

Na Gegi ana kazi gani hiyo ya kumnyima mistari miwili? Miaka mitatu niko huku nafuta watu matapishi. Kila basi lilileta kikaratasi chake, hata kama ni salamu tu na mchoro wa ng'ombe. Tangu Agosti, kimya. Mwambie nimenuna.

Lamzira


Kvishari, 27 Novemba 2005

Lamzira,

Tsotne anaondoka sasa hivi, naandika nimesimama. Theluji ya kwanza imeanguka, inafika magotini. Mama hajambo. Ndama tumemwita Malkia, furahi.

Uzito ni kilo hamsini na nane. Pea moja inatosha, mimi vyangu vya mti bado vinanifaa. Meno ya chuma, ndiyo. Hicho kichuma cha kisigino pia.

Ni vya nani, usiulize sana. Vya hapa nyumbani. Gegi anakusalimu, anasema ukinuna unapendeza.

Murza


Trento, 15 Desemba 2005

Murza,

Salamu kwa Mama. Bibi Ottilia yuko sawa. Mimi siko sawa, na nitakwambia kwa nini.

Hamsini na nane! Nimekaa na hiyo namba siku nzima nikiipitisha kwa watu wote wa Kvishari mmoja mmoja. Wewe tisini na moja. Mama hata arobaini na tano hafiki. Gegi niliyemwacha mimi alikuwa na themanini na nne, alinibebea sanduku mpaka Lalveri kwa bega moja na bado akawa anapiga mluzi. Sasa nyumba gani hiyo ina mtu wa kilo hamsini na nane asiyetajwa jina? Nitakutajia mimi basi. Yule mwalimu, Nargiza, mwembamba, anayetabasamu hata kwenye mazishi. Ndiyo maana mume wangu hana muda wa kuandika! Ndiyo maana amehamia kwako, ili watu waseme yuko kwa shemeji yake! Na wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, unanituma mimi nikamnunulie viatu? Ili asilowe miguu akija? Huna haya, kaka. Haki ya Mungu huna haya.

Nimevinunua. Usiseme sikuvinunua. Vidogo, mpaka kilo sabini, vyekundu, vina meno na bizimu nzuri. Mzee wa duka akasema, "Mama, chukua na pea kubwa, nakupa kwa nusu bei, nyumba ya milimani haikai na pea moja." Nikamwambia pea moja inamtosha huyo. Pesa nilikuwa nayo mkononi, nikairudisha kwenye pochi.

Mwelekezeni namna ya kuvaa: bizimu zikae upande wa nje, na vijaribiwe uani kwanza kabla ya kwenda mbali, na mtu abebe kamba na fimbo mbili. Naandika haya kwa sababu sitaki roho ya mtu shingoni mwangu, hata ya huyo.

Lamzira


Kvishari, 12 Januari 2006

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika Lalveri, nikaenda kukichukua mwenyewe. Vizuri sana. Vyepesi mpaka nilidhani wamesahau kutia kitu ndani ya boksi. Tumevijaribu uani kama ulivyosema.

Nargiza aliolewa Kutaisi mwezi wa tisa na hajarudi. Huo ndio ukweli, muulize Tsotne, alimsafirishia kabati lake. Usimwazie mumeo mabaya. Barua yako nilimsomea, akacheka mpaka akashika tumbo, akaniambia niisome tena pale pa mwalimu anayetabasamu mazishini. Muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka.

Zaidi ya hapo sina la kusema, Lamzira. Nimekatazwa. Mama anakubusu.

Murza


Trento, 5 Februari 2006

Kaka,

Nani amekukataza?

Leo nimempima Bibi Ottilia uzito bafuni, mara ya kwanza tangu Krismasi, daktari anataka hivyo. Nilipomshika mkono apande mzani, nikaona bangili imemteremka mpaka kwenye kiwiko, wakati Krismasi ilikuwa inambana. Amepungua kilo sita na mimi ninayemwosha kila siku sikuona. Nikakaa pale sakafuni. Akawa ananiita, "Lamzira, Lamzira, nishushe."

Murza, si mwanamke. Ni Gegi, sivyo?

Ana nini? Themanini na nne kasoro hamsini na nane, nimehesabu kwa vidole kama mjinga. Mtu hapotezi kilo ishirini na sita kwa kuchimba viazi. Kama ni mapafu niambie. Kama ni ile saratani niambie. Nilimdhania mzinzi na mgonjwa yuko kitandani ananicheka! Mpe pole zangu, mpigie magoti kwa niaba yangu. Na usimtoe nje ya nyumba kabla sijajua, umesikia? Nitatafuta njia.

Tsotne amelala na gari bovu Uturuki, nampa huyu dereva mwingine, simjui. Nijibu leo hii hii unaposoma.

Lamzira


Kvishari, 11 Machi 2006

Lamzira, mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe tano Februari nimeipata tarehe tatu mwezi huu. Nimeanza kuijibu mara nne, nikachana.

Gegi amefariki. Tarehe kumi na saba Februari, siku ya Ijumaa. Keti chini kabla hujaendelea, kama kuna mtu karibu mwambie akushike.

Lilikuwa tumbo. Agosti daktari wa Kutaisi alimwambia apasuliwe upesi, yeye akasema nivune nyasi kwanza. Alivyokuwa, unamjua. Baada ya nyasi viazi, baada ya viazi akawa hali kitu zaidi ya maziwa. Wakampa tarehe nyingine, ishirini Februari. Wewe alikukataza kabisa. Alisema, "Akisikia atarudi, na hana karatasi, akitoka kule hatarudi tena, na tutabaki wawili hatuna kitu. Nikishapasuliwa nikapona nitamwandikia mwenyewe." Aliniapisha mbele ya picha ya Mtakatifu Giorgi, nami nikaapa. Novemba nilimpima kwenye mzani wa viazi, ameketi ndani ya gunia, tunacheka wote wawili. Ndipo nikapata hiyo hamsini na nane.

Utaniuliza kwa nini hatukuwaita wanaume wamchukue kwa machela mpaka kwenye gari Lalveri. Nilimsihi. Alikataa. Vijana wakimbeba, kesho yake Tsotne anajua, keshokutwa unajua wewe. Kwa hiyo tulitoka wawili tu, kulipopambazuka, tukamwambia Mama tunakwenda kuchukua unga Lalveri. Usiku ule theluji mpya ilikuwa imeanguka, laini, haina mshiko. Yeye juu ya viatu vyako alikuwa anakwenda vizuri, Lamzira, nakuapia. Hakuzama hata kidogo. Ananigeukia ananiambia, "We fahali, njoo uone mtu anavyoelea." Mimi vya mti vinanilemea, nahema nyuma yake.

Tulipofika Jiwe la Kondoo, kilomita sita, alikaa. Alitapika, na ilikuwa damu. Nikamwambia turudi. Akasema mbele ni karibu kuliko nyuma, na ni kweli. Nikamweka mgongoni. Sikupiga hatua ishirini, kiatu changu cha kushoto kikavunjika mti, na ngozi ikachanika yote. Nilikifunga kwa kamba, kikashika kidogo, kikaachia. Bila kiatu nilizama mpaka kiunoni, na yeye juu yangu.

Akasema, "Niweke pale kwenye jiwe. Vaa vyangu, uende ukaite watu."

"Vyako ni vya kilo sabini."

"Ni bora kuliko hivyo vipande vya kuni. Vaa, bwana, usibishane na mgonjwa."

"Sikuachi."

"Basi kaa hapa tufe wawili, ndipo Mama yako atatuamini kuhusu ule unga."

Nilimfunika na koti langu la sufi juu ya lake, nikamwekea mgongo kwenye jiwe upande usio na upepo. Nikavaa. Kilomita nne, Lamzira. Kwa theluji ile, mtu mwenye viatu vinavyombeba anatumia saa moja na nusu. Mimi nilitumia saa tano. Kila hatua nilizama mpaka mapajani, naung'oa mguu kwa mikono, natanguliza mwingine, unazama. Nililia kama mtoto. Nilitambaa kwa tumbo pale penye mteremko. Nilipofika Lalveri jua lilikuwa linatua. Wanaume sita walitoka na sleji ya kuburuta mgonjwa bila kuuliza swali. Tulimkuta ameketi vile vile nilivyomwacha.

Sasa nakwambia neno ambalo Mama hajui, wala padri sijamwambia. Ningekuandikia, "Tuko wanaume wawili, mmoja mgonjwa na mmoja wa kilo tisini na moja," ungenunua pea mbili. Nakujua. Ungeuza hata meno yako. Nilishika kiapo, na kiapo ndicho kilichomuua. Ukitaka kunilaani, nilaani kwa jina langu lote, sitakujibu.

Mwili tumeuzika nyumbani kwenu, ng'ambo ya kijito, chini ya ule mpeasi. Lakini roho unajua imebaki kule alikofia. Mama hapati usingizi, anasema ameketi peke yake jiweni anangoja. Jumamosi baada ya Pasaka, theluji ikishikana, tutapanda kumchukua arudi nyumbani, kama desturi. Sandro mpiga zeze ataibeba chuniri yake apige njia nzima. Mimi nitatangulia kumwita, kwa kuwa hana ndugu mwingine.

Nisamehe kama unaweza.
Murza


Trento, 2 Aprili 2006

Kaka Murza,

Mbusu Mama. Mwambie namwomba anisubiri, asiumwe sasa hivi, nitamhitaji.

Barua yako nilisomewa na padri wetu wa hapa, maana mimi macho yaligoma baada ya neno la kwanza. Bibi Ottilia alinisogezea kiti chake mwenyewe nikae, akanivulia shali yake, mwanamke ambaye hawezi hata kushika kijiko.

Nilikulaani, kaka. Siku mbili nzima nilikulaani kwa jina lako lote kama ulivyotaka, na la Baba nikaongeza. Siku ya tatu nikaenda kwa yule mzee wa duka, sijui nilifuata nini. Ile pea kubwa bado ilikuwa imetundikwa ukutani. Alinikumbuka. Akauliza, "Vile vidogo vilimfaa mgonjwa?" Sikuwa nimemwambia kuna mgonjwa. Akasema alijua tangu nilipotaja kilo, kwamba mara ya kwanza nilimtaja kaka yangu, na huko kwao milimani uzito kama huo kwa mwanamume mzima ni wa mgonjwa, na kwa hasira niliyokuwa nayo aliona haya kuniuliza. Mgeni kabisa alijua, Murza, na mke hakujua. Mke alikuwa anamwonea wivu mwalimu.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Wewe ulinificha, ndiyo, na hilo sijalimaliza moyoni, sitakudanganya. Lakini pesa ya pea ya pili ilikuwa mkononi mwangu. Niliambiwa kwa mdomo kwamba nyumba ya milimani haikai na pea moja. Mtu mzima aliniambia, na mimi nikaona raha kukataa. Na Gegi naye alitufunga midomo sote kwa ajili ya kazi ya kuosha watu. Nimemkasirikia mno. Nataka kumpiga. Nataka kumshika ndevu nimwulize nyasi zilikuwa na haraka gani.

Nimemwambia mtoto wa Bibi atafute mwingine. Amenipa siku nane. Ndiyo, bila karatasi nikitoka sirudi, najua, kila mtu hapa ananiambia kana kwamba nimesahau. Sitaki kurudi. Barua hii anaiwahisha dereva anayeondoka leo, mimi nafuata na Tsotne, na hata akipasua magurudumu yote Uturuki nitafika kabla ya Pasaka, kwa miguu ikibidi.

Kwa hiyo msimchukue bila mimi. Mwambie Sandro akaze nyuzi zake, na wewe uje kama unataka, lakini ukae nyuma. Siku ile uliondoka pale na yeye akabaki anaangalia mgongo wako, hukuwa na la kufanya. Safari hii ni mke wake anayekwenda. Nitatangulia mimi, nitamwita kwa jina lake kila hatua kutoka jiweni mpaka mlangoni petu, na desturi inasema anayeita asigeuke nyuma kutazama, basi sitageuka.

Lamzira, mke wa Gegi